Baiskeli Milimani: Tunaitazama Barabara Isiyohusika

Tangu kazi ya kupanua barabara kuu ya Rironi hadi Mau Summit, kwenye njia ya Nairobi kwenda Nakuru, ilipozinduliwa mwishoni mwa 2025, waendesha baiskeli wa Nairobi wamekuwa na matumaini ambayo, kwa maoni yangu, yamewekwa mahali pasipostahili. Alfajiri za Jumamosi na Jumapili makundi yao huonekana yakipanda kuelekea Tigoni, Limuru na Kimende, taa ndogo nyekundu zikimetameta chini ya viti, na wanapotua vibandani kwa chai na mandazi mazungumzo huishia kwenye barabara hiyo: kwamba ikishapanuliwa kutakuwa na nafasi ya kila mtu, kwamba kingo zake zitakuwa pana, kwamba hatimaye hata sisi tutakuwa na utalii wa baiskeli kama wa wenzetu. Hoja yangu ni kwamba barabara kuu, iwe nyembamba au pana, haina uzito mkubwa katika suala la kutalii kwa baiskeli kwenye miinuko ya Kiambu na Murang'a. Kitakachoamua ni yatakayozipata barabara ndogo zilizo pembeni yake: zile za kukusanyia majani chai, zile zinazozunguka kingo za msitu, na vijia vinavyovuka mito kutoka mgongo mmoja wa ardhi hadi mwingine. Hizo tayari zipo, nyingi zinaweza kukaa saa nzima bila gari kupita, na bado hakuna anayezihesabu kuwa mali.

Ni vyema kutofautisha kwanza mambo mawili ambayo huchanganywa kila mara. Mtu wa mazoezi ya alfajiri anatafuta lami laini, anataka kurudi nyumbani kabla ya saa nne, na amekwisha kuzoea matatu inayompita kwa nafasi ya kiwiko. Mtalii wa baiskeli ni mtu mwingine kabisa, hata kama miguu ni ileile. Hubeba mzigo nyuma, kilo kumi au kumi na tano, husafiri siku mbili au tatu, husimama kutazama, na mara nyingi ameandamana na mtu asiye na ujasiri kama wake: mke au mume, mtoto wa miaka kumi na miwili, mzazi aliyestaafu. Kwa msafara wa namna hiyo, kilomita moja ya hatari katika safari ya kilomita arobaini inatosha kuifuta safari yote, kwa sababu hakuna mzazi atakayempitisha mwanawe kilomita hiyo moja eti kwa kuwa zile thelathini na tisa zilikuwa salama. Ndiyo maana njia ya utalii hupimwa kwa kipande chake kibaya zaidi, na ndiyo maana sifa za jumla za barabara kuu, hata zikiwa za kweli, hazisaidii. Katika nchi ambayo watu zaidi ya 4,000 hufa barabarani kila mwaka, mzazi huyo hana haja ya kubembelezwa aogope.

Nchi nyingine zilizofaulu katika jambo hili zilipata bahati moja kubwa, nayo ni reli zilizokufa. Nchini Uingereza, njia ya Monsal katika milima ya Peak District hupita juu ya tuta la reli iliyofungwa mwaka 1968, na mahandaki yake yalifunguliwa kwa watembea kwa miguu na baiskeli mwaka 2011. Mtu huvuka mabonde yenye kuta za mawe ya chokaa karibu bila kugusa gia. Vennbahn, yenye kilomita 125, hutoka Aachen nchini Ujerumani hadi Troisvierges nchini Luxembourg, ikipita kwa sehemu kubwa upande wa Ubelgiji. Hispania ilianza mpango wake wa njia za kijani mwaka 1993, na moja ya njia hizo, Vía Verde de la Sierra, ina kilomita 36 na mahandaki 30 kati ya Puerto Serrano na Olvera, yote yakiwa yamechimbwa kwa ajili ya reli ambayo haikuwahi kupitisha hata treni moja. Siri ya njia hizi iko katika udhaifu wa garimoshi lenyewe. Garimoshi haliwezi kupanda mlima mkali, kwa hiyo wahandisi walilazimika kukata miamba, kujaza mabonde na kuzungusha reli mpaka mwinuko ukawa kama asilimia 2, yaani kupanda mita 2 katika kila mita 100. Kupanda mita 100 kwenda juu kwa mwinuko huo huchukua kilomita tano; kwa mwinuko wa asilimia 10 huchukua kilomita moja tu. Mzigo ulioinuliwa ni uleule na kimo cha kupanda ni kilekile, lakini katika hali ya kwanza mwenye baiskeli anakaa kitini akizungumza na mwenzake, na katika hali ya pili ameshuka, anasukuma, na jasho linamwingia machoni.

Hapa ndipo baadhi ya wapenzi wa baiskeli hukimbilia kusema kwamba nasi tuna reli za zamani, basi tuzigeuze. Reli yetu ilianza Mombasa mwaka 1896, ikafika Nairobi mwaka 1899 na Kisumu mwaka 1901, na mtu akitazama jinsi inavyojizungusha kupanda kuelekea Limuru ataelewa mara moja kwa nini wazo hilo linavutia. Hata hivyo, reli zetu zina tabia ya kufufuka. Ile ya kwenda Nanyuki ilikaa miaka mingi bila abiria, nyasi zikiota katikati ya vyuma, lakini mwaka 2020 treni zilirudi. Kuomba baiskeli zipewe njia ambayo kesho itadaiwa na treni ni kujitafutia ugomvi usio na sababu, na binafsi ningependelea treni. Somo la Monsal na Vennbahn lililo na faida kwetu linahusu mwinuko na njia isiyokatika. Reli ilikuwa chombo chao cha kulipata hilo. Swali ni chombo chetu ni kipi.

Jibu liko katika umbo la ardhi yenyewe. Mito ya Ruiru, Chania, Thika, Maragua na Mathioya hutoka katika safu ya Nyandarua na kuteremka kuelekea mashariki na kusini-mashariki, na kila mmoja umejichimbia bonde lake refu. Kati ya mabonde imebaki migongo mirefu ya ardhi nyekundu, imelala sambamba kama vidole vya kiganja kilichotandazwa. Anayesafiri kwa kufuata mgongo, kupanda au kushuka, hupata mwinuko wa taratibu ambao hata baiskeli nzee ya gia moja, hii tunayoiita Black Mamba, huumudu. Anayetaka kukata migongo hiyo kutoka kusini kwenda kaskazini, kutoka Githunguri kuelekea Gatundu kwa mfano na kusonga mbele hadi Kangema, hukutana na jambo lingine: anashuka mpaka mtoni, anavuka, anapanda ukuta wa upande wa pili, anafika juu, anaona mgongo mwingine uleule unamngoja. Barabara za magari zimepangwa kwa kufuata migongo kwa sababu soko, kiwanda na ofisi ziko juu au chini ya mgongo huohuo. Kwa hiyo mtalii anayetaka kuzunguka badala ya kwenda na kurudi njia moja anajikuta akisukumwa kwenye barabara chache kubwa zinazokata migongo, na huko ndiko malori yaliko.

Na hapa ndipo majani chai yanapoingia. Chai ilipandwa kwa mara ya kwanza nchini Kenya huko Limuru mwaka 1903, na leo ukanda mzima wa juu wa Kiambu na Murang'a umefunikwa na mashamba, mengi yakiwa ya wakulima wadogo wanaopeleka majani mabichi kwenye vituo vya kununulia siku za kuchuma. Majani yaliyochumwa hayangoji. Lori ni lazima likifikie kituo na litoke siku hiyohiyo, iwe jua au mvua, na lori lililojaa haliwezi kupanda udongo mwekundu uliolowa kwenye mwinuko mkali. Litateleza, litakaa kando, na shehena itaharibika. Kwa sababu hiyo barabara za chai, hasa zile zilizochongwa kwa uangalifu, hujipinda kufuata ubavu wa kilima, zikiingia ndani ya bonde na kutoka polepole, mahali ambapo mtu wa miguu angekata moja kwa moja. Lori la majani chai limetufanyia kazi ileile ambayo garimoshi liliwafanyia Waingereza na Wahispania: limewalazimisha watu kuuheshimu mlima. Si barabara zote za chai zilizo hivyo, na ziko zinazopanda kama ngazi, lakini zinatosha kuwa mwanzo. Tena juu yake, tangu mwaka 1986 shirika la Nyayo Tea Zones limekuwa likipanda mkanda wa chai kuizunguka misitu ili kuzuia uvamizi, na pembezoni mwa mkanda huo zimo njia zinazounganisha vichwa vya migongo bila kumlazimisha mtu kushuka hadi kwenye barabara kuu.

Kasoro ya mtandao huo ni kwamba umekatika. Mwaka jana nilijaribu kuunganisha vipande vyake, kutoka upande wa msitu wa Gatamaiyu, Kiambu, kwenda kaskazini, nikiwa na mwenzangu mmoja na mikoba miwili. Kwa karibu saa mbili tulikutana na lori moja na pikipiki nne. Wachumaji walikuwa katikati ya michai, vikapu mgongoni, na hakukuwa na sauti ila ya mnyororo wangu uliohitaji mafuta. Kisha barabara ikateremka mpaka kijito, na daraja lilikuwa magogo mawili ya mkaratusi yaliyolazwa sambamba, katikati yake pengo la upana wa tairi langu hasa. Mzee mmoja aliyekuwa akisukuma baiskeli iliyofungwa majani ya ng'ombe alitungoja upande wa pili. Tulipomsalimu, akatazama mikoba yetu, akasema, "Hapa, vijana, baiskeli ndiyo hubebwa." Akaiegemeza yake kwenye ukingo, akarudi kutusaidia kubeba zetu. Kilomita ishirini nzuri zilikuwa zimefungwa na mita sita za kijito.

Sasa tuzipime hoja za upande wa pili, na tuanze na iliyo nzito. Mpango wa Barabara za Mau Mau, wenye takriban kilomita 540 katika kaunti za Kiambu, Murang'a, Nyeri na Nyandarua, unaweka lami katika maeneo haya haya ninayoyasifu kwa kukosa lami. Mkulima aliyemwaga maziwa mara tatu katika masika moja kwa sababu gari la kukusanya lilishindwa kufika hana sababu yoyote ya kusikiliza mtu wa Nairobi anayelilia changarawe, na mama mjamzito anayehitaji kufika hospitali usiku hana haja ya mandhari. Hoja hii ni ya haki na siipingi. Ninachosema ni kwamba lami ikifika, mwendo wa magari hubadilika siku hiyohiyo: barabara iliyokuwa ya kilomita ishirini kwa saa inakuwa ya themanini, bila njia ya miguu na mara nyingi bila ukingo. Anayeumia kwanza ni mtoto wa shule na yule mzee wa majani ya ng'ombe. Mtalii wa Jumapili ni wa mwisho katika orodha, kwa maana yeye anaweza kubaki nyumbani. Kwa hiyo pale mgongo mmoja unapopata lami, busara ni kuitunza barabara ya chai inayokwenda sambamba nayo ili iendelee kupitika na watu wa miguu na wa baiskeli, badala ya kuiacha imezwe na mashamba kwa kisingizio kwamba sasa kuna barabara bora.

Hoja iliyo dhaifu kuliko zote ndiyo inayosikika zaidi: kwamba inatosha kuchora mstari mweupe kwenye ukingo wa barabara mpya na kuuita njia ya baiskeli. Yeyote aliyepanda kutoka Nairobi kwenda Limuru anajua ukingo wa barabara ni wa nani. Asubuhi ni wa matatu inayoshusha abiria, mchana ni wa muuza viazi na karoti aliyepanga ndoo zake, jioni ni wa bodaboda anayerudi upande usio wake, na nyakati zote ni wa lori lililoharibika, lenye matawi ya miti nyuma yake kama onyo. Mlimani tatizo huzidi, kwa sababu mwendesha baiskeli anayepanda kwa kilomita saba kwa saa huyumba, na lori linalopanda nyuma yake halitaki kupoteza mwendo. Anayeteremka kwa kilomita hamsini naye hana muda wa kuamua kama kile kilicho mbele ni kivuli au shimo. Jiji la Nairobi lilipitisha sera ya usafiri usiotumia injini mwaka 2015, na bado mtu hawezi kupanda baiskeli kutoka mtaa mmoja hadi mwingine bila kuingia katikati ya magari. Kama mstari mweupe haujatosha kwenye ardhi tambarare ya mjini, sioni utatosha vipi kwenye kona za Kimende penye ukungu.

Wapo pia wanaosema kwamba kutalii kwa baiskeli ni starehe ya wageni na ya Wanairobi wenye baiskeli za bei ya pikipiki. Kuna ukweli ndani yake, na wanaojibu kwa kutangaza mabilioni ya fedha za utalii wanajidanganya. Mtalii wa baiskeli hanunui vitu vingi: chai, chapati, maji, kitanda kimoja, labda kuzibiwa pancha. Hata hivyo fedha hizo hutolewa mahali ambapo gari la watalii halisimami kamwe, na hutolewa kila baada ya kilomita kumi, kwa sababu miguu ina njaa yake. Tayari kuna ushahidi kwamba watu hufuata vumbi letu kwa hiari. Mashindano ya Migration Gravel Race, yanayopitia Mara, yamekuwa yakiwaleta waendesha baiskeli kutoka mbali tangu 2021 kwa siku nne za changarawe, na katika hifadhi ya Hell's Gate familia za kawaida hukodi baiskeli langoni na kupita karibu na pundamilia. Msitu wa Karura, ndani ya jiji lenyewe, umeonyesha kwamba Mkenya wa kawaida atalipa ada ili mwanawe aendeshe baiskeli mahali pasipo na magari. Hamu ipo, iliyokosekana ni njia inayoendelea kwa zaidi ya mchana mmoja.

Pingamizi linalonisumbua mimi mwenyewe ni lingine: je, tunaweza kuiita njia "isiyo na magari" wakati bodaboda hupita kila mahali? Ulaya hufunga njia zao kwa vyuma. Hapa hilo haliwezekani na lisijaribiwe, kwa kuwa pikipiki ndiyo gari la wagonjwa na ndiyo inayopeleka mbolea shambani. Nadhani tuwe wanyofu katika majina. Waingereza waliwahi kuandika mtandao wao wa kitaifa wa baiskeli kwenye ramani kana kwamba wote ni mmoja, ilhali ukaguzi wa 2018 ulionyesha kwamba takriban theluthi moja tu ndiyo isiyo na magari kabisa. Mwaka 2020 wakaondoa au kuainisha upya karibu robo ya mtandao huo kwa sababu vipande vyake havikuwa salama kwa familia. Ulikuwa uamuzi wa aibu kidogo na wa hekima sana. Sisi tunaweza kuanza pale walipofikia: kuziita hizi njia tulivu, kueleza wazi kwamba pikipiki na lori la chai vitapita, kutaja siku za kuchuma, na kutoandika kwenye ramani kipande chochote ambacho mwandishi wa ramani hajakipanda kwa baiskeli akiwa na mtoto wake. Niliwahi kufuata kibao kizuri chenye picha ya baiskeli mpaka kwenye lango la shamba lililofungwa kwa kufuli, na askari wa lango hakuwahi kukiona kibao hicho.

Kama hoja hii ina maana, basi uharaka wake unatokana na barabara kuu ileile niliyosema haihusiki. Barabara ya Rironi hadi Mau Summit itakuwa ya kulipia, na dereva wa Kenya anayekwepa ada ni mtu mbunifu. Baadhi ya magari yatatafuta vichochoro vya Limuru, Kimende na Kinale, na vichochoro hivyo ndivyo hasa barabara za chai. Wakati huohuo, Katiba ya 2010 iliziachia kaunti barabara zao, na Sheria ya Misitu ya 2016 inaziruhusu jumuiya za wakazi kushirikiana na Huduma ya Misitu katika shughuli za burudani ndani ya misitu kama Kereita. Maana yake ni kwamba wenye uwezo wa kuamua hawako mbali: ni mhandisi wa kaunti, mkuu wa kituo cha msitu, kiwanda cha chai na jumuiya ya wakazi. Hakuna kati yao anayetakiwa kujenga barabara. Wanatakiwa kukubaliana ni ipi ibaki ya changarawe na isawazishwe baada ya masika, wapi ziwekwe nguzo mbili za mawe zinazopitisha pikipiki na kuzuia gari linalotafuta njia ya mkato, nani apewe haki ya kupita kando ya shamba la nani, na vijito vipi vipate daraja la upana wa mita moja na nusu, lenye kingo, ambalo mtu anaweza kulivuka bila kushuka.

Madaraja ndiyo ningeanza nayo, kabla ya vibao na kabla ya ramani. Yanayohitajika kati ya mgongo na mgongo ni machache kuliko watu wanavyodhani, na yule mzee wa Gatamaiyu huvuka lake mara mbili kwa siku, asubuhi akiwa mtupu na jioni akiwa na mzigo.